Mchumi wa Mwanza aanzie wapi: serikalini, kwenye biashara au chuoni?

Msomaji wetu, binti wa miaka 23 anayeishi Malimbe, ameuliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya uchumi, na mihula mitano imenipa GPA ya 3.6. Baba anataka niombe kazi serikalini nitulie. Mama mdogo anasema benki na viwanda vya samaki ndiko kwenye hela. Mwalimu wangu wa ekonometriki ananihimiza nisome uzamili ili nije kufundisha. Nasikia wapo wachumi waliopita kote huko katika maisha yao. Inawezekana kweli? Na nianze wapi?"

Marahaba, mwanangu. Inawezekana, na waliofanya hivyo wanajulikana; nitawataja mbele. Ila swali la kuanzia usilijibu kwa kuangalia mshahara wa mwezi wa kwanza, wala kwa kupima nani nyumbani ana sauti kubwa. Jiulize ni mlango upi ukiuacha leo utaukuta umefungwa, na upi utaukuta wazi hata ukirudi una mvi. Milango mitatu uliyoitaja haifanani hata kidogo katika hilo.

Wa chuo ndio unaofungwa mapema kuliko yote. Alama za shahada ya kwanza hazina marekebisho: ukishavaa joho, ndizo hizo maisha yako yote. Matangazo ya vyuo vikuu vya umma kwa nafasi ya mkufunzi msaidizi kwa kawaida hudai GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. Kwa mhadhiri msaidizi hudai hiyo 3.8 ya shahada ya kwanza pamoja na 4.0 ya uzamili. Wewe una 3.6 kwa mihula mitano. Kama kila muhula una uzito sawa wa krediti, kufika 3.8 kunakudai 4.8 muhula wa sita: 3.8 mara 6 ni 22.8, toa 18 ulizokwisha kupata. Maana yake ni A karibu kila somo. Ukiiweza, heri sana. Lakini hesabu ninayotaka uikalie macho ni ya upande wa chini. Ili usishuke chini ya 3.5 unahitaji walau 3.0 muhula huu, na 3.5 ndiyo mpaka wa daraja la pili la juu. Wapo waajiri wa elimu ya juu, hasa vyuo binafsi na taasisi za mafunzo, wanaokubali kuanzia hapo, na maombi ya uzamili yanapokewa kwa urahisi zaidi ukiwa juu ya mstari huo. Kama una kibarua cha jioni kinachokula muda wa kusoma, kiache mpaka mitihani iishe. Hakuna kibarua Mwanza kitakachokulipa thamani ya 3.5.

Mlango wa serikali unafungwa polepole zaidi, lakini unafungwa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka mwombaji asizidi umri wa miaka 45. La muhimu zaidi ni kwamba nafasi ya kuingilia ni ileile, Mchumi Daraja la II, uingie na miaka 24 au 40. Aliyekaa benki miaka 15 akaamua kuomba ajira ya kawaida serikalini huanza sambamba na kijana aliyemaliza chuo juzi. Kwa hiyo kila mwaka unaochelewa, kuingia kunakugharimu zaidi.

Biashara kwa kawaida haina bawabu mkali wa umri wala wa GPA. Inataka kuona umefanya nini na unaweza kufanya nini kesho asubuhi. Ndiyo maana mlango huo hukaa wazi muda mrefu, na ndiyo maana si lazima uwe wa kwanza, ingawa mama mdogo hajakosea kuhusu hela.

Sasa tuingie ndani, maana majina ya kazi hayakuambii kazi yenyewe.

Ukiajiriwa kama mchumi katika halmashauri, iwe Jiji la Mwanza, Ilemela, Magu au Ukerewe, utakaa kwenye mipango. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini kazi ya bajeti huanza miezi mingi kabla. Mitaa na vijiji huibua vipaumbele kwa utaratibu wa fursa na vikwazo, kamati ya maendeleo ya kata hujumlisha, nyinyi mnaingiza kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, Baraza la Madiwani linajadili na kupitisha, mkoa unachambua, kisha mzigo unapanda juu. Katikati ya hapo kuna taarifa za kila robo mwaka, ziara za kukagua miradi, na maswali ya madiwani yanayotaka majibu yenye namba. Kuna pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mchumi asiyejua kusoma mchanganuo wa kikundi cha kina mama wauza dagaa hapo hana msaada.

Mambo huharibika wapi? Karibu kila mara kwenye ukomo wa bajeti. Orodha ya miradi kutoka kwenye kata huwa kubwa kuliko fedha mara kadhaa. Kama hukupanga miradi kwa daraja mapema, fedha hugawanywa kidogo kidogo ili kila kata ipate chake. Matokeo yake ni maboma: kuta za zahanati hapa, kuta za madarasa kule, hakuna lililoezekwa. Kazi ya mchumi ni kuandika dokezo kabla kikao hakijakaa na kuonyesha kwamba boma la kwanza likiongezwa milioni 30 linaanza kutibu watu mwaka huu, wakati jengo jipya la milioni 150 litakula fedha miaka mitatu bila kumtibu mtu hata mmoja. Dokezo hilo liwe ukurasa mmoja: hoja, usuli wake kwa sentensi tatu, njia mbili au tatu za kuchagua kila moja na gharama yake, na pendekezo. Dokezo la kurasa nne hurudi na neno moja pembeni, "tujadili", na mara nyingi mjadala wenyewe haufanyiki.

Kwenye biashara swali huja likiwa dogo na kali. Tuseme uko kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Namba hizi ni za mfano, lakini ukokotoaji ndio huohuo wa kila siku. Kilo ya sangara mzima inanunuliwa kwa shilingi 8,000, na minofu inayotoka ni asilimia 35 ya uzito. Gawanya 8,000 kwa 0.35: malighafi ya kilo moja ya minofu imekugharimu 22,857 kabla ya barafu, umeme, mishahara na usafiri. Unauza nje kwa dola 10. Dola ikiwa 2,700 unapata 27,000, kinabaki 4,143. Dola ikishuka hadi 2,450 unapata 24,500, kinabaki 1,643. Dola imeshuka kwa asilimia 9 tu, lakini kilichobaki mkononi kimeshuka kwa asilimia 60. Sasa wakataji wakizembea kidogo na minofu ikatoka asilimia 33 badala ya 35, malighafi inapanda hadi 24,242, na kwa dola hiyo ya 2,450 unabaki na shilingi 258. Kiwanda kinaendeshwa na mabondo (vibofu vya samaki) na mapanki (mifupa inayobaki) wakati huo, si na minofu.

Meneja haulizi pato la taifa limekua kwa kiasi gani. Anauliza: leo tununue samaki kwa bei gani, na tukomee wapi? Mchumi anayejibu kwa mhadhara kuhusu mfumuko wa bei hataitwa tena kwenye kikao cha asubuhi. Anayekuja na jedwali dogo lenye bei ya samaki upande mmoja, bei ya dola upande mwingine, na kinachobaki katikati, huyo hukaa karibu na mwenye kiwanda. Na ajue sheria za kazi hiyo: sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kwa hiyo bei nzuri ya samaki wachanga si nafuu, ni kesi.

Benki nayo ni hivyohivyo. Afisa mikopo anayefahamu kwamba mapato ya mwenye mtumbwi wa dagaa hupungua kila mbalamwezi ikiwa kubwa, kwa sababu dagaa huvutwa kwa taa na taa hazina nguvu mwezi unapowaka, hapangi marejesho yanayoangukia siku zilezile. Asiyejua huwafanya wakopaji wazuri waonekane wakorofi.

Chuoni kazi ni ya kasi nyingine. Unafundisha, unasahihisha, unasimamia tafiti za wanafunzi, na wakati huohuo unatakiwa kuchapisha. Makala moja kutoka wazo hadi jarida huweza kuchukua miaka miwili au mitatu: kibali cha utafiti kutoka chuoni, barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, kata na mtaa, kukusanya takwimu, kuandika, kukataliwa, kuandika upya. Ngazi zinajulikana, kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa, na bila shahada ya uzamivu unakwama mapema. Wengi hukwama kwa sababu moja: wanachukua kazi za ushauri kila zinapopita, ripoti zinajaa kabati, na hakuna hata moja iliyogeuzwa kuwa makala.

Ili uone jinsi fani hizi tatu zilivyo kazi moja inayotazamwa kutoka pande tofauti, chukua mradi wa mfano. Halmashauri inataka kujenga chanja za kukaushia dagaa, paa na ghala kwenye mwalo mmoja, yaani ufuko wa kushushia samaki, kwa shilingi milioni 500. Kina mama wanaoanika mchangani hupoteza mzigo mvua ikinyesha, na dagaa wenye mchanga huuzwa bei ya chini, wengine wakiishia kwenye chakula cha kuku. Makadirio: faida ya milioni 120 kwa mwaka kutokana na dagaa wasioharibika na bei bora, gharama za uendeshaji milioni 30, kwa hiyo faida halisi ni milioni 90 kwa mwaka kwa miaka 10.

Mchumi wa serikali hupunguza thamani ya faida za miaka ijayo kwa kiwango fulani. Tuseme asilimia 12. Shilingi moja kwa mwaka kwa miaka 10 kwa kiwango hicho ina thamani ya leo ya 5.65. Zidisha kwa milioni 90 unapata milioni 508.5. Mradi unapita kwa milioni 8.5, yaani kwa ukucha. Sasa zabuni ikichelewa na faida zikaanza mwaka mmoja baadaye huku fedha za ujenzi zimekwisha kutumika, gawanya 508.5 kwa 1.12: unapata milioni 454, na mradi uliopita umekuwa hasara ya milioni 46. Hakuna kilichobadilika ila mwaka mmoja. Hii ndiyo hesabu ninayotamani kila mjumbe wa kamati ya fedha aione kabla ya kusema "tutaanza mwakani".

Kuna kosa jingine hapo ambalo hujirudia. Mtu huchukua ushuru ambao halmashauri itakusanya mwaloni, tuseme milioni 25, akaujumlisha juu ya ile 120. Ushuru huo umetoka mfukoni mwa kina mama walewale ambao faida yao imekwisha kuhesabiwa. Umehama mfuko, haujaongezeka. Kwa mwekahazina ni mapato halali kabisa na aandike hivyo kwenye bajeti yake, lakini kwenye tathmini ya faida kwa jamii ukiuongeza umehesabu mara mbili.

Peleka mradi huohuo benki, mfanyabiashara akiomba mkopo wa asilimia 18 ajenge chanja na kuzikodisha. Yeye haoni milioni 120. Anaona malipo ya kukodisha chanja, tuseme milioni 70, toa 30 za uendeshaji, inabaki 40. Kwa asilimia 18 ile shilingi moja kwa mwaka kwa miaka 10 ina thamani ya leo ya 4.494, kwa hiyo mapato yote hayo leo yana thamani ya milioni 180 dhidi ya 500. Benki inakataa, na iko sahihi. Halmashauri ikijenga inaweza nayo kuwa sahihi, kwa sababu sehemu kubwa ya faida inabaki kwa kina mama na haifiki kwa mwenye chanja. Mchumi aliyekaa pande zote mbili anaeleza tofauti hiyo bila kumwita mwenzake mjinga.

Kisha anakuja mtafiti na swali linaloudhi watu wote: mna uhakika gani kwamba faida hiyo imeletwa na chanja? Bei ya kilo imepanda shilingi 600 kwenye mwalo wenye chanja. Lakini kwenye mwalo wa jirani, usio na chanja, imepanda 400 katika kipindi hichohicho. Kilicholetwa na chanja ni 200. Kama theluthi moja tu ya ile milioni 120 ndiyo ya kweli, baki na 40, toa 30 za uendeshaji, unabaki na milioni 10 kwa mwaka kwa mradi wa milioni 500. Swali hilo likiulizwa kabla ya mradi wa pili, limeokoa fedha kuliko semina kumi. Ndiyo sababu nataka watu waliosoma hadi juu warudi pia kwenye halmashauri, wasiishie madarasani.

Kuhusu waliopita njia hii. Benno Ndulu alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaongoza AERC, mtandao wa utafiti wa uchumi wenye makao Nairobi, akafanya kazi Benki ya Dunia, kisha akawa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018. Natu Mwamba alitoka kwenye kufundisha uchumi akawa Naibu Gavana, baadaye Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha. Charles Kimei alitoka Benki Kuu akaiongoza CRDB kwa miaka 20, 1998 hadi 2018, kisha akaingia bungeni. Emmanuel Tutuba alikuwa Katibu Tawala wa Mkoa hapahapa Mwanza kabla ya kuwa Katibu Mkuu Hazina na, tangu Januari 2023, Gavana. Na ng'ambo ya ziwa, Bukoba, alizaliwa Justinian Rweyemamu, aliyefundisha Dar es Salaam na kuwa mshauri wa uchumi wa Mwalimu Nyerere kabla ya kufariki 1982 akiwa bado kijana.

Waangalie vizuri. Walikaa mahali pamoja muda wa kutosha mpaka wakajulikana kwa jambo fulani, ndipo wakavuka. Anayeruka kila baada ya miezi 18 hufika miaka 35 akiwa na wasifu mrefu na hakuna mtu wa kumwandikia barua ya udhamini yenye uzito. Na utaona pia kwamba njia ya kutoka chuoni kwenda serikalini kwa uteuzi imekanyagwa na wengi, wakati ya kutoka serikalini kurudi kufundisha bila uzamivu ni nyembamba mno.

Kinachovuka nawe ni kazi ulizoandika. Kwa hiyo anza kuandika sasa, ukiwa bado Malimbe, na kitu ambacho hakuna aliye Dar es Salaam anayeweza kukuzidi: bei ya dagaa Mwaloni Kirumba.

Nenda Jumanne na Jumamosi, saa ileile, kwa wauzaji watatu walewale. Fungua jedwali lenye safu hizi: tarehe, saa, mzigo umetoka wapi, umeanikwa mchangani au kwenye chanja, kipimo, uzito kwa kilo, bei iliyotajwa, bei iliyouziwa, hali ya mvua, na siku ya mwezi mwandamo. Wiki 26 zitakupa mistari 156. Mambo matatu yataharibu kazi hii usipokuwa mwangalifu. La kwanza ni gunia: magunia hayalingani, na lumbesa ndiyo inayopotosha kabisa, kwa hiyo pima kwa mizani, uandike bei ya kilo. La pili ni bei ya kutajiwa. Mgeni hutajiwa bei yake, subiri uone mnunuzi analipa ngapi. La tatu ni siku uliyokosa kwenda. Iache wazi. Usiandike sifuri, na usijaze kwa kukisia, maana ukizoea kukisia hapo utakisia na kwenye ripoti ya mabilioni.

Ukimaliza, chora bei dhidi ya siku za mwezi na dhidi ya mvua, andika kurasa tatu. Tumia R, programu ya takwimu, ni ya bure; Stata ni nzuri lakini leseni yake inauzwa. Ukitaka kupanua, takwimu za utafiti unaofuatilia kaya zilezile, NPS, ulioanza 2008/09, zinapakuliwa bila malipo kwenye hifadhi ya takwimu ya Benki ya Dunia. Kurasa hizo tatu utaziweka mbele ya meneja wa benki, mbele ya jopo la usaili, na mbele ya profesa unayemwomba akusimamie uzamili. Kote huko zitafanya kazi.

Maombi yenyewe. Kwenye Ajira Portal, mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira, weka namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita vyenyewe, shahada na nakala kamili ya matokeo. "Result slip" na nakala ya matokeo ya nusu ya masomo hazikubaliwi, na watu wengi wenye sifa huenguliwa hapo. Majina kwenye vyeti vyote yafanane. Likitofautiana hata herufi moja, shughulikia hati ya kisheria ya kurekebisha majina (deed poll) sasa hivi, si wiki ya usaili. Kuna mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Usaili wa mchumi mara nyingi hugusa mzunguko wa bajeti, tathmini ya mradi na takwimu za msingi, kwa hiyo uwe nazo kichwani: sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini na 3,699,872 mkoani Mwanza, na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Julai 2025. Benki na kampuni ziombe wakati huohuo, hazisubiriani.

Ukishaingia serikalini, mwaka wa kwanza ni wa majaribio. Usiombe ruhusa ya masomo kabla hujathibitishwa. Utakataliwa na utaonekana una haraka. Ukithibitishwa, hakikisha jina lako limeingia kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, kwa maandishi. Uzamili usome ukilenga 4.0 au zaidi kuanzia somo la kwanza, kwa sababu wewe ndiye unayehitaji alama hiyo kufidia 3.6 kwa vyuo vinavyokubali chini ya 3.8.

Siku ya kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, mambo ya fedha na maadili huwaangusha watu wazuri. Mtumishi wa umma huchangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF, wa sekta binafsi ule wa NSSF, na kupata pensheni ya kila mwezi kunadai michango ya miezi 180. Ulizia utaratibu wa kuunganisha vipindi vya uchangiaji kabla ya kuondoka, upate jibu kwenye karatasi. Mkopo wa elimu ya juu unakatwa asilimia 15 ya mshahara popote utakapoajiriwa, kwa hiyo linganisha mishahara ukiwa umeshaitoa hiyo. Takwimu za watu binafsi au za kampuni ulizozipata kazini hazitoki nawe, hata kwenye flashi, hata kwa ajili ya tasnifu. Sheria ya Takwimu inalinda siri hiyo, na jina likichafuka hapo halisafishiki katika upande wowote. Kama uliwahi kupitisha mradi wa kampuni fulani, usiende kuajiriwa nayo mwezi unaofuata. Na kazi ya ushauri ukiwa mwajiriwa ifanye kwa kibali cha mwajiri, ukiwa na TIN yako, ukijua kwamba asilimia 5 ya malipo itazuiwa kama kodi.

Kwa hali yako, basi, mpangilio ninaoupendekeza ni huu: linda 3.5, kusanya bei za dagaa hadi mwisho wa mwaka, omba kote, chukua ya kwanza itakayokuja. Zikija mbili kwa pamoja, benki ya mjini na halmashauri ya mbali, chukua halmashauri kwa miaka mitatu au minne, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo mtu wa miaka 24 anaona shule, zahanati, ushuru, barabara na mikopo ya vikundi vya wilaya nzima kwenye jedwali moja. Kisha uzamili. Biashara itakuwepo ukitoka hapo, na itakulipa vizuri zaidi kwa kuwa utakuwa unajua upande wa pili unavyofikiri. Baba mwambie utaomba serikalini kama alivyotaka. Mama mdogo mwambie hujamkatalia, umemwomba subira.

Barua ikikupangia Ukerewe, panda meli. Mizani ibebe pia. Shehena za dagaa hutoka visiwani kuja Mwaloni, na ile safu ya mzigo ulikotoka utaijaza ukiwa umesimama mwaloni wenyewe, asubuhi, wakati mitumbwi inarudi.